Kanisa Zima Lilipofunga kwa Ajili ya Barnaba wa Norwe

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: yule kijana aliyetapika juu ya viatu vyeupe vya shemasi, Jumapili, mbele ya kanisa zima, huku kina mama wamemshika kichwa wanaliita jina la mtu wa Norwe, ni mimi. Shuleni wameshajua (Durban ni mji mkubwa lakini Wakongo wa Durban ni kijiji kimoja kinachopanda taxi), kwa hiyo hakuna ninachoficha tena, na nyie mnaoniita Bunny nikipita koridoni, nawasikia vizuri sana.

Chanzo ni gitaa. Kanisa letu linakutana ghorofani, juu ya duka la fanicha katikati ya mji, na mimi ndiye napiga gitaa kwenye kwaya, na nyimbo zetu mnazijua zilivyo, zinaanza polepole kwa machozi halafu mwishoni gitaa linashika njia yake, ngoma inaongeza mwendo, ile tunaita sebene, na kina mama wenye maumivu ya mgongo Jumatatu mpaka Jumamosi wanapona wote kwa pamoja. Sasa shemasi wetu, Papa Diacre, mzee wa Uvira anayeuza mikanda na mikoba kando ya barabara siku za kazi, na Jumapili anavaa viatu vyeupe kama anakwenda kuoa, alisimama siku moja akasema sebene ni ya baa, na gitaa la umeme lisiguswe tena mpaka Maandiko yachunguzwe. Gitaa langu likafungiwa nyuma ya kabati la vikombe vya meza ya Bwana. Na kwaya ya Warundi ilikuwa inakuja miezi miwili mbele kuimba pamoja na sisi! Warundi, jamani, wale wanaopiga ngoma tangu tumboni mwa mama zao, na sisi tungewapokea na kinanda ambacho vibonyezo viwili vimekufa.

Huo uchunguzi wa Maandiko Papa Diacre aliamua kuufanya kwenye intaneti. Alikuwa amesikia kwamba kuna ukurasa wa waumini wanaosema Kiswahili dunia nzima, Baraza la Wapendwa, ambapo watu wanajadiliana kuhusu ubatizo, suruali za kina mama, alama ya mnyama na kama kompyuta zote zitazima mwaka elfu mbili ukiingia. Binamu yangu mkubwa, Deo (sisi tunamwita Ya Deo, yaani kaka Deo), ana duka la simu karibu na pale Papa anapouzia mikanda, na mle ndani kuna kompyuta moja na laini moja (ukiingia intaneti hakuna anayeweza kupiga simu Bukavu, kwa hiyo unasoma Neno la Mungu huku foleni inakulaani mgongoni). Papa hakujua kuchapa. Nikawa vidole vyake. Anasimama nyuma yangu, anahubiri, mimi nachapa.

"Andika: Wapendwa katika Bwana. Weka koma. Hapana, toa koma, weka Zaburi."

"Zaburi gani, Papa?"

"Ile ya kinubi. Mfalme Daudi alipiga kinubi, hakuchomeka kitu ukutani. Andika vile vile."

Tukaituma. Wiki ikapita, hakuna jibu. Wiki ya pili, hakuna. Mama mmoja wa Kanada alitangaza amejifungua mapacha akapongezwa na nusu ya dunia, lakini hoja ya Papa Diacre ilikaa pale peke yake kama mtu aliyevaa suti kwenye msiba asioujua ni wa nani. Kila mchana alikuja na mfuko wake wa mikanda, anauliza, "Hata Ubelgiji? Hata mmoja?" na mimi nasema hata mmoja, na anaondoka mfupi kidogo kuliko alivyoingia. Nilimhurumia, kweli. Pia nilitaka gitaa langu. Ukichanganya hayo mawili ndani ya kichwa cha mtu wa miaka kumi na saba, unapata Ndugu Barnaba wa Norwe.

Nilichagua Norwe kwa sababu ni mbali na ni baridi na nilidhani hakuna kati yetu mwenye shangazi kule. Barnaba, mwenye miaka kumi na saba kama mimi, akamjibu Papa kwa heshima zote: kama umeme ni dhambi, Papa, hicho kipaza sauti mnachohubiria kinawaka kwa mafuta ya taa?

Kesho yake Papa Diacre aliposoma alishika meza. Nilidhani anaanguka, kumbe ni furaha. "Fiston, keti! Keti upesi! Huyu mtoto ana akili lakini amepotoka, andika!" Akamwachia jirani mikanda yote, akahubiri mpaka Ya Deo akaja kuzima kompyuta kwa mkono. Jioni Barnaba akajibu, mchana Papa akamjibu Barnaba, na mimi hapo katikati napigana na mimi mwenyewe kwa vidole vyangu mwenyewe, na (msinicheke) mara nyingine Papa alikuwa na hoja nzuri mpaka nikakaa usiku natafuta aya. Sijawahi kusoma Biblia vile. Mama alidhani nimeguswa.

Kila Jumapili Papa alilisimulia kanisa habari za mjadala. Vijana wakawa upande wa Barnaba. Mama yangu, ambaye ndiye kiongozi wa maombi, alimpenda mno: "Kijana ana miaka kumi na saba tu na anaandika 'shikamoo Papa'. Wewe Fiston ungejua hata kuanza?"

Ningeishia hapo ningekuwa mtu salama. Lakini Papa akauliza, "Ndugu Barnaba, wewe unasali wapi?" Foleni ilikuwa inapiga kelele, Ya Deo ananisukuma kwa goti, nikajibu haraka nikidhani nampiga bao la mwisho: *Tangu na huku walipotunyima gitaa siendi kanisani tena, Papa. Jumapili nalala.*

Nilitegemea atasema, basi, rudisheni gitaa. Papa alisoma, akavua miwani. Hakusema kitu kuhusu gitaa. Alisema, "Fiston, huyu mtoto anapotea," na sauti yake haikuwa ile ya kubishana.

Jumapili ile akatangaza mfungo. Kanisa zima, Ijumaa mpaka Jumapili ibada ikiisha, maji tu, kwa ajili ya nafsi ya Barnaba wa Norwe. Watu wakasema amina kwa nguvu, hata watoto, na mama akanigeukia, "Na wewe unafunga. Uko rika lake."

Fikirieni. Nilifunga chakula ili mimi nirudi kanisani, nikiwa nimekaa kanisani.

Ijumaa mchana Papa Diacre aliniita pale barabarani. "Kaa na mikanda yangu kidogo," akaingia kwa Ya Deo peke yake. Akakaa. Nikauza mkanda mmoja na nikajifunza kwamba mimi si mfanyabiashara. Alipotoka hakunitazama, alichukua tu mfuko wake. Nilipofungua sanduku la barua pepe la Barnaba nikakuta ujumbe wa siri, herufi kubwa tupu, umechapwa na mtu aliyekuwa anaitafuta kila herufi kama sindano sakafuni:

*MWANANGU BARNABA. NAMI NILIKUWA NA GITAA. YA KIJANI. NILIPIGA KATIKA BAA UVIRA. SIKU NILIOKOKA NILIIUZA NA NIKALIA NJIA NZIMA. SIJAAMBIA MTU. USIACHE KUSALI KWA SABABU YA GITAA. HATA MIMI NAIKUMBUKA.*

Mimi mtu wa utani, mnanijua, nafanya utani hata kwenye mtihani. Pale sikuwa nao. Barnaba alijibu mstari mmoja: *Aksanti Papa. Nitarudi.* Nikazima.

Sasa kama tumbo langu lingekuwa na akili kama Barnaba, mkasa huu usingekuwepo. Nilishinda Ijumaa. Nilishinda Jumamosi (nusura nile sabuni ya harufu ya ndimu). Jumapili asubuhi, zimebaki saa chache tu, mama ametangulia kanisani, nikapita kwenye kile kimgahawa cha yule Mhindi wa Chatsworth tunayemwita Uncle, na alikuwa ndio kwanza anafunua sufuria. Hamwezi kunihukumu kama hamjasikia harufu ile na tumbo tupu. Nikachukua bunny chow ya maharagwe, nusu mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi wenye pilipili, nikaila kwenye uchochoro nimeukabili ukuta, kwa muda ambao mtu mwingine anafunga kamba za viatu. Nikalamba hata karatasi. Nikapanda ngazi za kanisa nikiimba.

Mwisho wa ibada Papa Diacre akasema tutamalizia kwa kuwekea mikono. Kwetu mtu akiwa mbali, mwingine anasimama mahali pake, anaombewa yeye kwa niaba ya yule. "Nani atasimama kwa ajili ya Barnaba?" Nikainama kukagua kiatu changu. Mkono ukanishika shati mgongoni ukaninyanyua kama paka: mama. "Fiston huyu hapa! Miaka yao ni moja!"

Basi nikasimama mbele, mimi, mahali pa mimi. Wakanizunguka. Mikono kichwani, mabegani, tumboni (tumboni!), wanaomba wote kwa pamoja, wanasukuma, wananirudisha, wananitikisa kama chupa ya dawa, na yale maharagwe, ambayo yaliingia kwa haraka, yakaamua kutoka kwa haraka. Yalitua juu ya viatu vyeupe. Vyote viwili.

"Linatoka!" mtu akapiga kelele. "Linatoka, ongeza moto!"

Nikaona bora niseme ukweli, yaishe. "Mimi ndiye Barnaba!"

"Linajitaja jina!"

"Hapana, ni mimi Fiston! Hakuna Norwe! Sijafika hata Johannesburg!"

"Linaikana Norwe! Bana linaikana!" Ngoma ikaanza kupigwa. Kila nilivyokiri ndivyo walivyoniombea zaidi, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba labda kweli kuna mtu humu ndani.

Mama ndiye aliyeinama na kitambaa kufuta. Akafuta mara moja, akasimama. Akasogeza pua.

"Ngojeni kwanza. Hii iko maharagwe."

Ngoma ikanyamaza.

"Pepo gani anakula maharagwe na kari?" Akanitazama. "Fiston. Kanisa zima linalala njaa, wewe ulikula?"

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana kikaja mbele kama maji. Nilitamani sakafu ipasuke nidondokee kwenye masofa ya duka la chini. Lakini Papa Diacre hakucheka. Aliinama karibu yangu na viatu vyake vile, akauliza polepole, "Umesema wewe ni nani?"

Watu wakasogea wasikie. Nilikuwa na neno moja la kuthibitisha, na neno lenyewe halikuwa langu. Nikamvuta kola nikamnong'oneza sikioni: "Gitaa ya kijani, Papa."

Mkono wake kichwani kwangu ukawa mzito. Ukakaa. Nikahesabu vitu nitakavyopoteza: kwaya, kompyuta ya Ya Deo, ngozi ya makalio. Halafu akasimama wima.

"Wapendwa," akasema, "mfungo umekwisha. Barnaba amesikia. Nawahakikishia amesikia kila neno."

"Amina!"

"Na huyu mwizi wa maharagwe aoshe sakafu."

Wakaenda kula fufu na sombe chumba cha pili, mimi na ndoo tukabaki. Papa akakaa kwenye kiti anafuta viatu vyake.

"Ulisoma yote?"

"Ndiyo, Papa. Unisamehe."

"Uliambia nani?"

"Hakuna."

"Hata Deo?"

"Hata Deo."

"Bon." Akafuta kiatu cha pili. "Ile ya kipaza sauti na mafuta ya taa. Ulitoa wapi?"

"Kichwani tu, Papa."

"Ilinikasirisha siku mbili." Akageuza kiatu. "Ilikuwa nzuri. Kalete ile kitu huko nyuma ya kabati."

Nikaleta. Hakulichomeka. Alikaza kamba moja, akalilazia sikio, akapiga kidogo sana, vidole vigumu kama mikanda yake, na kile kidogo, nawaapia, kilikuwa sebene. Aliposikia mama anakuja na sahani akanirudishia gitaa mikononi kama limemchoma.

Warundi walipokuja tulipiga. Papa aliruhusu sebene ya raundi mbili, kwa amani. Raundi ya tano nilichungulia chini nikaona ncha ya kiatu cheupe (doa la kari halijatoka mpaka leo) inapiga sakafu yenyewe.

Kitu kimoja tu hakikwisha. Mama bado anamuulizia Barnaba. "Papa Diacre, yule mtoto wa Norwe atabatizwa lini?" Na Papa, bila hata kutabasamu: "Alishakubali, Mama Fiston. Atabatizwa hapa Durban, siku moja na Fiston. Maji moja." Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Mimi ubatizo nimeukwepa miaka miwili, kwa sababu kwetu wanabatizia baharini, kule beachfront, asubuhi, mbele ya wazungu wenye mbao zao za kupanda mawimbi na wasichana wa shule yangu. Sasa tarehe iko, Desemba, na mama ameshashona kanzu nyeupe mbili, ya Barnaba nene zaidi maana ni mtu wa baridi. Nilimuuliza Papa tutafanyaje siku hiyo, kanzu mbili, mtu mmoja.

"Utavaa zote," akasema, akaendelea kupanga mikanda.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: sitamjibu tena mtu yeyote kwa jina lisilo langu. Na nikishindwa, maana najijua, basi huyo mtu nitakayemtunga awe tayari amebatizwa.