Rauta Kabatini kwa Mama

Nyumba yetu ya Mutuini ina orofa mbili: mama anakaa chini, mimi juu. Rauta iko sebuleni kwake, na waifai ilikuwa ikifika kwenye ngazi basi, imechoka. Nilikuwa nimekaa miezi minane bila kazi wakati ofisi moja ya Hurlingham iliponiita kwa mahojiano ya mtandaoni, Alhamisi saa nane. Nikaenda Ngara, nikanunua kile kidude cha kusukuma waifai, nikakichomeka katikati ya ngazi. Kikawaka kijani. Juu kukawa na mtandao hadi bafuni.

Alhamisi, saa nane kasoro dakika kumi, nimevaa tai na kaptura, mtandao ukapotea. Kutazama kidude, chekundu. Nikashuka mbio, laptopu kwapani.

Sebuleni walijaa akina mama wa maombi. Mama yangu wageni wakija, kila kisichopendeza hufunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe, au hufungiwa kwenye kabati la vioo. Rauta, jamani, ilikuwa imepata yote mawili. Niliiona nyuma ya sahani za Krismasi, imechomolewa, imefunikwa, na ufunguo mama anao kifuani. Naye alikuwa amefumba macho, mwenzake anaomba. Kwetu maombi hayakatizwi. Yule mama aliombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea hata wajukuu ambao bado sijawazaa. Nilisimama pale nimekodoa macho, nataka kulia kwa hasira.

Baada ya amina nikadai ufunguo. Mama akauliza kwa utulivu kama nilitaka watu wasali huku vitaa vinawapepesea machoni. Nikanyosha mkono mpaka akanipa ufunguo, nikaitoa rauta kabatini na kuichomeka. Saa nane ilishapita, hata kupanda juu singeweza. Nikaketi kwenye kigoda katikati yao, nikahojiwa wakinisikiliza, kimya.

Swali la mwisho lilikuwa kama nyumbani nina mahali patulivu pa kufanyia kazi. Nikawatazama. Nikasema ninapo.

Nilipofunga laptopu nilimgeukia mama, nimejaa mpaka hapa. Nikamuuliza, siku zote hizi, kwa nini leo?

"Niliwaita kwa sababu ya hiyo kazi yako," akasema. "Ulipoingia tulikuwa tumeshakuombea."

Kazi nilipata. Na mpaka leo mama haambiliki: anashikilia kwamba niliipata kwa sababu alizima rauta, wakaniombea bila vitaa machoni.