Asali ya Mzee Bukuru

Asali silambi. Nikipita sokoni Kasulu, wauzaji wakiwa wamepanga chupa zao juani, ile harufu nzito ya nta na moshi hunifikia kabla sijawaona, nami hubadili njia. Walimu wenzangu wananicheka: mtu wa Kibondo asiyekula asali! Wanadhani naringa. Leo nitawaambia ninyi sababu, na mkitaka kucheka, chekeni kwa mbali.

Nilikuwa darasa la nne, shule moja ya kijijini, enzi hizo Kakonko ikiwa bado sehemu ya Kibondo. Aliyetufundisha hesabu simtaji jina. Sitaki likae mdomoni mwangu. Alivaa shati jeupe lisiloshika vumbi, na kwa udongo wetu ule mwekundu huo ulikuwa muujiza. Mezani kwake palikuwa na vitu viwili: chupa ya asali yenye kijiko ndani, na fimbo ya mkaratusi. Aliyepata hesabu ubaoni alilamba kijiko kimoja. Kisha, utamu ukiwa bado ulimini, alikabidhiwa fimbo awachape viganjani waliokosa. Ukichapa kwa huruma, unachapwa wewe. Mwalimu mwenyewe hakuchafua mikono. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," aliwaambia wazazi, nao wakaitikia kwa vichwa.

Asali yenyewe ilitoka kwa Mzee Bukuru, baba yake Konsolata, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Mzee alikuwa na mizinga ya magogo msituni, na kila alipotoka kurina alileta dumu zima shuleni, akavua kofia mlangoni.

"Mwalimu, nitazamie huyu mwana wanje, mwanangu huyu," alisema. "Mimi sikusoma. Afaulu tu huo mtihani wa la nne."

Aliyefeli mtihani ule alirudia darasa, na kwetu msichana aliyerudia darasa aliishia kwenye jembe. Mzee alijua hivyo. Asichojua ni kwamba asali aliyoitoa ili bintiye atunzwe ndiyo iliyokuwa ujira wa waliomchapa.

Kwao, Konsolata hakuwa na mpinzani. Nilimwona kwa macho yangu akimhesabia baba yake: dumu hili litatoa chupa ngapi, zikiuzwa nane zitabaki ngapi, yote kichwani huku akimbembeleza mdogo wake mgongoni. Lakini darasani, mwalimu alipokoroga ile chupa na kijiko kikagonga kioo, ngli, ngli, Konsolata alianza kutoka jasho. Chaki ilimteleza. Alisahau hata saba ni ngapi. Na mimi, kwa mlio uleule, kinywa kilinijaa mate. Nawaambieni ukweli, yalinijaa.

Wiki moja kabla ya mtihani niliitwa mimi. Madumu matatu ya lita tano, chupa za nusu lita, chupa ngapi? Nilikodoa macho ubaoni kama mbuzi aliyeona radi. Kutoka dawatini nikasikia sauti ndogo: "Thelathini." Nikaandika thelathini. Nikalamba kijiko changu.

Akaitwa Konsolata, swali jepesi kuliko langu. Kijiko kikagonga chupa. Akasimama pale, chaki mkononi, mpaka mwalimu akachoka kumngoja, akanigeukia na kuninyooshea fimbo.

Ningeweza kusema jibu lile halikuwa langu. Sikusema. Ningeweza kuchapa taratibu, nikachapwa mimi, yakaisha. Nilichapa kwa nguvu, kwa sababu nilimwona mwalimu akitabasamu na mkono wake uko karibu na chupa. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Konsolata alifeli mtihani. Mzee Bukuru alikuja shuleni kuomba radhi, naam, yeye ndiye aliyeomba radhi, kwa kumsumbua mwalimu na mtoto mzito. Akaacha na dumu jingine. Mwaka uliofuata nilipanda darasa la tano, na Konsolata nilikuwa nikimwona shambani kwao akipalilia maharage.

Miaka ilipita, nikaenda chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi alitufundisha kwamba mlio mtupu, ukiandamana na chakula mara nyingi, unaweza kumtoa kiumbe mate, na ukiandamana na maumivu unamfunza woga. Na kwamba aliyeshikwa na woga hata anachokijua hukisahau. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikatapika. Hakuwa mzito. Tulimfunza woga, kwa asali ya baba yake.

Yule mwalimu alistaafu kwa ngoma na vitenge. Nikaombwa nitoe neno la shukrani, eti bila yeye nisingekuwa mwalimu. Nilikataa, na wazee wananinunia hadi leo. Wanune. Sijamsamehe na sioni haraka.

Mwaka huu, siku ya kuandikisha darasa la kwanza, aliingia ofisini mama mmoja na binti mdogo. Alikuwa Konsolata. Anauza maharage hapa Kasulu.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu, kana kwamba hatukuwahi kukaa dawati moja. "Huyu akikosa, umwelekeze. Wenzake wasimchape."

Nikamwambia darasani kwangu hakuna fimbo wala cha kulamba. Anayekosa huketi na anayejua, wakahesabu pamoja kwa vifuniko vya soda. Alisikiliza, akaitikia, akasimama aende zake. Nikanyoosha mkono nimuage.

Alifumba viganja vyote viwili, akavificha chini ya kitenge. Nadhani hata yeye hakujua kwamba amefanya hivyo. Mtoto alitutazama kwa zamu.

Miaka yote hii namchukia yule mwenye shati jeupe, na ninayo haki. Lakini yeye hakumgusa Konsolata hata siku moja. Viganja vile vilikuwa vikinikumbuka mimi.