Glavu ya Hussein

Harufu ya mafuta ya nazi kwenye ngozi mpaka leo hunirudisha chumbani kwa Bibi, pale Ilford, juu ya duka la vitambaa. Nadhani wachezaji wengine wa besiboli hupaka glavu zao za kudakia mpira mafuta ya kununua dukani. Bibi alizipaka ya nazi, yale yale aliyonisukia nywele, kisha akazifukiza udi pamoja na nguo za Ijumaa. Nasema “alizipaka” kwa sababu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Mjomba Hassan, mdogo wake mama, na ya pili ilikuwa ya Hussein, pacha wake, aliyefariki Pemba hata siku arubaini hajatimiza. Kwa Bibi, kifo hakikuwa sababu ya kuwabagua watoto. Kila alichopata Hassan, kiatu, kanzu ya Idi, mkoba wa skuli, Hussein naye alipata chake, kikalala kitandani kwa Bibi siku chache, kisha kikatolewa sadaka. Glavu tu ndiyo iliyobaki, maana hatukumjua mtoto yeyote wa kumpa kitu kama kile.

Mjomba alikuwa wa mkono wa kushoto. Mezani Bibi alimpiga vita mpaka akala kwa wa kulia kama watu, lakini kutupa mpira hakumkataza. Jumapili moja bustanini, Wamarekani na Wajapani wa maofisini walikuwa wakicheza, mpira ukamfikia miguuni, akawarudishia, nao wakabaki kutazamana. Katika besiboli mtupaji ndiye roho ya mchezo: husimama juu ya kichuguu, akavurumisha mpira umpite mtu mwenye gongo, na watupaji wa kushoto ni adimu. Baada ya miaka michache klabu moja ya Marekani ikamchukua kwenye timu zake za chini. Jamaa zetu, midomo imejaa biriani za watu, wakasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Akawika.

Kiangazi ninachokikumbuka ni kile ambacho timu kubwa ya klabu hiyo ilianza kumtupia jicho. Alipocheza mchana wa huko, kwetu huwa jioni, tukamtazama kwenye kompyuta ya mama sebuleni. Bibi hakutazama. Alikaa chumbani na tasbihi yake, glavu ya Hussein iko kando ya mto. Chumba kile kilikuwa na ubaridi wake hata Julai, tukimwonea huruma. Jioni moja, akiwa jikoni, alinituma chumbani nimletee miwani, na mimi kwa utundu wangu nikatia mkono ndani ya glavu. Mlikuwa na joto, na unyevu pia, kama kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Nikautoa mbio. Nilipomwambia Bibi, hakushtuka. “Si anacheza,” alisema, akavaa miwani yake. Tangu siku hiyo, kila Mjomba alipokuwa uwanjani nilikwenda kujaribu tena, na kila mara ilikuwa vile vile. Niliogopa sana, lakini sikuweza kuacha.

Kisha wakamwita timu kubwa. Wiki hiyo hiyo begi lake likapotea safarini pamoja na glavu yake, na glavu mpya huwa ngumu, haiukubali mkono. Akapiga simu kumwomba mama ampelekee ile nyingine. Shemeji mmoja alikuwa akisafiri kesho yake, angeweza kuibeba.

“Hiyo si yake,” alisema Bibi. “Na nguo ya kuazima haisitiri matako.”

“Mama, miaka yote hii anaingoja siku moja,” mama alimjibu, karibu kulia. “Huyu yuko hai.”

Niliuona uso wa Bibi ukizeeka mbele ya macho yangu, maana alikuwa akitakiwa achague baina ya wanawe. Mwishowe akaichukua glavu, akaipaka mafuta, akaibusu. “Hussein, mwanangu,” alisema, “mstahamilie nduguyo.” Kisha akampa mama, akajifungia.

Siku ya mechi tulijaa sebuleni. Mjomba alitupa vizuri kupita siku zote; wenye magongo walikata upepo mmoja baada ya mwingine, na mama akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu Mjomba akasimama. Akautazama mkono wake wa kulia, ule wenye glavu, muda mrefu. Alipotupa tena alitupa vibaya, mwili umepinda kama mtu anayevutwa, akaanguka akiwa ameshika kiwiko cha kushoto. Walimpasua, wakamshona, lakini mkono ule haukurudi kuwa wa kutupa. Aliporudi nyumbani alituambia sababu, mara moja tu. Ndani ya glavu mlikuwa na mkono mwingine, umelingana na wake kidole kwa kidole, nao ulikuwa umeushika wake.

Bibi aliirudisha glavu pahali pake. Nilijaribu tena na tena, ilikuwa baridi.

Bibi hayupo tena. Ilford ya leo ina treni mpya na maduka nisiyoyatambua, na Mjomba anaendesha basi, anaishi Kilburn katika chumba kimoja kisafi. Nilizoea kumwonea uchungu, nikihesabu aliyoyakosa. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kumsalimu. Mtoto wa London, Kiswahili anakisikia, hujibu kwa Kiingereza. Nilipogeuka kutoka kwenye birika la chai alikuwa ameshatia mkono katika glavu ya Hussein, aliyoirithi Mjomba, iliyokuwa dirishani, akauchomoa haraka, akauliza kwa nini mna joto.

Mjomba aliweka kikombe chini, akafuta macho kwa kiganja cha ule mkono wa kushoto.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Basi mmoja wetu bado anacheza.”