Niliyemfungia Chumbani

Jamani, nina wiswasi! Dawa sinywi, lakini kila asubuhi nilikuwa nikirudi mara saba kulivuta kufuli la chumba changu hapa Msambweni, kuhakikisha limefunga. Nikaenda kwa mshauri, akanifunza: funga mara moja, liambie kwa sauti, kisha nenda zako.

Basi wiki nzima nikawa nalifokea: "Nimekufunga! Hata ulie vipi, leo sirudi!" Na juzi kweli sikurudi hata mara moja. Nilikwenda kazini kwa madaha kama bibi harusi!

Adhuhuri narudi, uani watu tele, mlango wangu wazi, na jirani yangu Bi Mwanaisha amepiga magoti, kichwa kiko chini ya kitanda changu.

"Shikamoo, Bi. Watafuta nini?"

"Marahaba. Huyo uliyemfungia, mwanangu! Kila siku twakusikia ukimfokea. Yuko wapi?"

Uso ukaniwaka. "Ni kufuli, Bi. Huwa nasema na kufuli."

Bi akaliokota sakafuni, limepindika. "Hili? Limewatoa jasho wanaume watatu kwa nyundo!"

Nikamkumbatia mbele ya watu wote, nikiruka: "Kwa hivyo nilikuwa nimelifunga!"