Hadithi Ambayo Ignas Hakuimalizia

Nani pale Kharumwa hakuvaa katambuga za Ignas miaka ile ya hamsini? Alikata matairi ya malori, akatoboa, akapitisha ukanda, na mguu wako ukasahau miiba. Lakini watu hawakumfuata kwa viatu tu. Ukisubiri zako, alikusomea. Na kisa kikikosa mwisho wa kuridhisha, aliutia wa kwake, maana hakupenda mtu aondoke na kinyongo.

Mwaka wa hamsini na sita alikuwa na daftari moja alilolitunza kama mboni ya jicho. Zamani alipofanya kazi mgodini Geita, Mzungu mmoja fundi mitambo, aliyeikimbia nchi yake Wakomunisti walipoishika, alimsimulia kisa cha huko, naye akakiandika. Nyumba moja, jamaa nne. Chama ndicho chenye serikali, chenye duka, chenye masikio. Jirani mmoja anachukuliwa kwa neno alilosema mezani. Nani alilipeleka? Waliobaki wanaacha kusalimiana, hata mke anamnyamazia mume. Kisha mlango unagongwa, na kisa kinakomea hapo.

Siku moja Athanas, akingoja kiatu chake, alikisikiliza mpaka mwisho, mguu mmoja mtupu. Wiki ile karani wa mwanangwa, mkuu wa kijiji, alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye zizi ambamo Athanas alificha ng'ombe wake wasihesabiwe kwa kodi. Kijiji kizima kilimnyooshea kidole Maduhu, baba Limi, kwa kuwa alionekana kwenye baraza la mwanangwa siku iliyotangulia. Jumamosi angetengwa: asipewe wala asiombwe moto, maji, hata salamu. Atakayevunja, naye atengwe.

"Sasa fundi, nani alimchongea mwenzake?"

"Haisemi."

"Ni yule jirani mkimya."

"Labda. Labda ni mke."

"Basi malizia wewe. Mbona nyingine unamalizia?"

Angeweza. Mwisho alikuwa nao mdomoni, mtamu kabisa.

"Hii siigusi. Nikimtaja mtu hapa, mtamvika uso wa Maduhu."

"Kwa hiyo Maduhu hakusema?"

"Sijui. Nawe hujui, Athanas. Lete mguu."

Jumamosi asubuhi Ignas aliokota kigae cha chungu.

"Wapi na hicho?" mkewe, Paskazia, akauliza.

"Kwa baba Limi, kuomba moto."

"Na huu unaowaka hapa ni picha?"

Ignas akapiga hatua kuelekea mlangoni. Paskazia akachota maji kwa kata, akayamwaga katikati ya mafiga. Majivu yakaruka.

"Haya, sasa huna moto. Usiende kuomba kwa uongo."

Ignas akapita mbele ya watu wote waliokusanyika kumtenga Maduhu. "Mwangaluka, baba Limi," akatoa salamu ya asubuhi mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kama asubuhi nyingine yoyote. Maduhu alimwekea makaa. Ignas akarudi polepole kupitia njia ileile, moshi ukimfuata.

Siku tisa hakuna aliyeleta kiatu. Alikata matairi, akayapanga, akajisomea peke yake. Siku ya kumi akaja Athanas, ukanda umekatika, akasimama mbali kidogo.

"Nimempita Maduhu kisimani."

"Ehe."

"Alinisalimu."

Ignas akamsogezea tairi.

"Nikaitika," Athanas akasema, akakaa juu yake na kuvua katambuga. "Anzia pale wanapoacha kusalimiana. Nataka nimtazame vizuri yule mke."

Ignas akafuta mikono, akalifungua daftari.