Tundu la Kifuniko

Wiki iliyopita, hapa Mbale, bodaboda iliyonibeba kutoka sokoni ilikohoa mara mbili ikazimika katikati ya kilima. Dereva akashuka, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, akachomoa plagi, akaipuliza, akairudisha. Wapi! Mimi nimesimama kando na kikapu changu cha nyanya. Mwishowe nikamwambia, "Fungua kifuniko cha tangi, halafu ufunge." Aliniangalia kwa dharau, kama kusema mwalimu wa darasa la pili anajua nini, lakini akafungua. Tangi likavuta pumzi, fyuu. Akapiga kiki tena, na injini ikawaka.

"Eh, mama! Nani nafundisha wewe mambo ya injini?"

Nilijifanya sijasikia. Ile fyuu ilikuwa imenirudisha Jinja, mtaa wa Nalufenya, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na baba yangu akijenga ndege uani kwetu.

Ndiyo, ndege. Cheka tu, rafiki yangu, Nalufenya nzima ilicheka kabla yako. Baba alikuwa fundi wa magari jeshini, akastaafu bila hata siku moja kupandishwa kwenye ndege, na jambo hilo lilimkera. Miaka mitatu alikusanya mabomba membamba ya alumini, akayafunga, akayavika kitambaa kilichopakwa rangi, akaweka injini ya gari dogo kuukuu, na panga boi akalichonga mwenyewe. Uani petroli ilinuka pamoja na samaki wa Masese waliokuwa wakikaangwa, na mpaka leo sijui kula samaki wa kukaanga bila kukumbuka petroli.

Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini, na majirani waliposikia baba akiongea walidhani anatoa amri. Mara nyingi walikuwa sahihi. Kabla ya kuwasha injini alipiga gwaride, tusimame mstari mmoja: mimi, na jirani yetu afande wa magereza, mtu mpole wa kabila la Wateso aliyependa kumsaidia baba kushika spana. Baba alipita mbele yetu akauliza, "Nani alishika ndege?" Kila mmoja alijibu, "Hapana mimi, afande!" Alisema injini ikiharibika, cha kwanza ni kujua mkono gani umepita hapo. Spana baadaye.

Aliyekosekana kwenye gwaride alikuwa jaja, mama wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na jaja akatoka Buwenge kuja kunilea. Kwa Wasoga mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wala mmoja hagusi kitu anachokalia mwenzake. Tulikuwa Waislamu, lakini jambo hilo lilibaki palepale. Basi jaja alikaa chumba cha nyuma chenye mlango wake, baba akakaa nyumba ya mbele, na katikati nilikuwa mimi.

"Mwambie baba yako chumvi imekwisha," jaja aliniambia akiwa nyuma ya mlango. Baba yuko hatua tano kutoka hapo, amesikia kila kitu, lakini anangoja mpaka nimfikie na kurudia. "Ambia jaja, nimesikia." Nilichoka na kazi hiyo, nakwambia. Sikujua jinsi walivyokuwa wakipendana wale watu wawili. Baba akipita dukani aliacha sukari kwenye dirisha la jaja. Jaja akipika alimtengea baba kipande kikubwa, akakifunika kwa sahani.

Kufunika ndiyo ilikuwa dini ndogo ya jaja. Msimu ule sami walikuja wengi, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia kwenye uji, puani, kila mahali. Jaja alifunika mtungi, sufuria, bakuli, hata kikombe ulichokiacha kidogo ili ujikune. Asubuhi moja baba alipokwenda mjini, jaja alipita uani na kuona kwenye kifuniko cha tangi la ndege kitundu cha msumari, na sami wamekizunguka. Sasa, jaja alikuwa ameona mafundi wa stendi ya Buwenge wakiziba matangi yanayovuja kwa sabuni ya mche. Akaja na kipande chake, akafungua kile kifuniko, akaliziba tundu kwa ndani, akafuta vizuri kwa ncha ya leso.

"Usiseme," aliniambia, kwa ulimi wake wa Kisoga uliogeuza l kuwa r. "Atasikia aibu nirishika chombo anakaria."

Alikuwa na furaha usoni. Hakuwa na njia nyingine ya kumsaidia mkwe wake.

Kuanzia siku hiyo injini ilianza ugonjwa. Ikiwaka, inanguruma vizuri dakika kumi, halafu inakohoa, inakufa. Baba alibadilisha plagi, akasafisha chujio, akafungua kabureta juu ya gazeti na kuipanga vipande vipande. Akiifunga tena, injini inawaka! Anafurahi, anakunywa chai, na baada ya dakika kumi inakufa tena. Leo najua kwamba kila alipoifungua kabureta aliliruhusu tangi kuvuta hewa kwa njia ya chini, na ndiyo maana alidhani kabureta ndiyo mgonjwa. Lile tundu la kifuniko hakulichunguza. Alilitoboa mwenyewe, alijua lipo. Tena macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka na miwani hakuitaka.

Na gwaride likaendelea. "Nani alishika ndege?" "Hapana mimi, afande!" Nilikuwa nasema kweli, na nilijivunia jinsi nilivyotunza siri ya jaja.

Mwisho baba akanunua kabureta nyingine. Akaifunga, akaijaribu dakika tano, akaridhika. Ndege ikavutwa kwa trekta mpaka uwanja mdogo wa ndege, na baba akaenda kulala hukohuko kuilinda. Kesho yake angeruka: avuke mto Nile, ageuke upande wa ziwa, arudi. Alihesabu dakika kumi na tano.

Jioni ile jaja alikuwa anatengeneza chai. Alichukua kopo la maziwa, akalitoboa kwa kisu upande mmoja, kisha upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini matundu mawili.

"Moja maziwa itoke, moja hewa iingie. Ukitoboa moja, maziwa inakataa..."

Mkono wake ukasimama na kopo hewani. Aliniangalia, nikamwangalia. Chai ilichemka ikamwagika jikoni, na yule mwanamke asiyeacha kitu wazi hakuigusa.

Baadaye akanishika mabega. "Kesho akiuriza, sema. Sema, ni jaja ariziba. Mbere ya watu wote, sema." Nikakubali. Niliyarudia maneno hayo kitandani mpaka usingizi ukanichukua.

Asubuhi watu walijaa uwanjani, wengine wamekuja kutoka Buwenge kuona mzee anayeruka. Baba alikuwa amevaa koti lake la zamani la jeshi. Akapiga gwaride, safari hii mbele ya umati. Afande wa magereza akajibu. Kisha baba akanifikia mimi.

"Nani alishika ndege?"

Nikafungua mdomo. Niliwaona wale watu wote, nikafikiri watakavyomcheka jaja, mama mkwe aliyeshika kiti cha mkwe wake. Mdomo ukasema wenyewe neno ulilolizoea.

"Hapana mimi, afande."

Baba akaitikia kwa kichwa, akapanda, akajifunga mkanda. Panga boi likaanza kuzunguka. Nililia bila sauti, na bado sikusema. Hilo sitajisamehe, na usiniambie nilikuwa mtoto.

Ndipo watu wakasogea kando. Jaja alikuwa anakuja, leso kichwani mpaka machoni, anatembea kinyumenyume hatua za mwisho ili asimpe mkwe wake uso. Alikuwa ananijua mjukuu wake. Alisimama mbele ya ndege, mgongo kwa baba, na akasema na mimi, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Mwambie baba yako, tobo ya tangi niriziba mimi. Na sabuni."

Baba akazima injini. Hakungoja nimpelekee ujumbe. Alishuka, akapiga magoti kwenye majani na macho yake chini, mwanajeshi yule, akasema, "Asante, mama."

Alichomoa ile sabuni kwa mwiba. Mimi na jaja tulikuwa tumeshafika barabarani wakati injini iliponguruma tena na ndege ikapanda. Jaja hakugeuka. Alisimama kando ya njia, ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi ukaniuma.

"Imenyamaza?"

"Bado, jaja. Inanguruma."

"Na sasa?"

"Iko juu ya mto."

Aliuliza hivyo mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Kisha akasema alhamdulillahi, na siku hiyohiyo akafunga mzigo. Baada ya yale yaliyotokea mbele ya watu, asingeweza kulala tena kwenye ua ule. Baba alipeleka Buwenge kanzu na kitambaa cha gomesi, lile vazi la heshima la wanawake, kuusafisha mwiko uliovunjwa. Jaja alivipokea, akatuma salamu nzuri, mwenyewe hakurudi. Nilimtembelea wakati wa likizo tu. Sahani ya baba haikufunikwa tena na mtu.

Baba hakuruka mara ya pili. Wote wawili wamekwisha kwenda, na ule ua sasa umejengwa vyumba vya kupangisha. Nilichobaki nacho ni kifuniko cha tangi, kiko dirishani kwangu hapa Mbale, na ninakisafisha tundu kwa sindano ingawa hakifuniki kitu. Ningeyasema maneno yale mimi mtoto, yangekuwa maneno ya mtoto, watu wangecheka wakasahau, na jaja angebaki.

Dereva wa bodaboda aliponishusha mlangoni alikuwa hajaacha swali lake. "Lakini mama, kweli, nani nafundisha wewe?"

"Ni jaja aliziba," nikamwambia.

Hakunielewa. Alicheka, akawasha pikipiki, akateremka kilima, nami nikabaki mlangoni nikiisikiliza mpaka nikahakikisha haijanyamaza.