Tulivyompima kwa asidi ng'ombe wa marehemu baba

Wakuu, salaam kwenu wote.

Haya yametokea kwetu na sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana kaka yangu naye yumo humu jukwaani.

Marehemu mzee alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mgodini, upande wa Songwa. Mzungu alipoondoka alimwachia picha kubwa yenye fremu ya rangi ya dhahabu.

Niwaeleze ilivyo. Ng'ombe mweupe amesimama jangwani. Ubavuni ana mlango, uko wazi, na ndani ya tumbo kuna bahari yenye mawimbi. Ni mambo ya wale wachoraji wa Ulaya waliokuwa wanachora kama wanaota, surrealism.

Majirani zetu Kishapu walisema ni uchawi. Mzee aliitundika sebuleni hivyo hivyo.

Tulipomaliza matanga tukakaa kugawana. Kaka Masanja akachukua ng'ombe, wale wa zizini. Mimi nikapata kiwanja cha mjini, Kambarage.

Dada yetu, Mama Neema, ndiye aliyemuuguza mzee miaka yote ya mwisho. Akasema, "Nipeni ile picha tu."

Masanja akanigeukia. "Mtu anaacha ng'ombe anataka picha? Huyu kuna kitu anakijua."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Mimi ndiye msomi wa familia. Nilishasoma mtandaoni kwamba picha za namna ile huko Ulaya zinauzwa bei za kutisha. Nikasema, "Ipimwe kwanza."

Mama Neema hakubishana. Alituletea blanketi la mzee tuifungie.

Nilipoishusha ukutani niliona karatasi imebandikwa nyuma. Nikadhani ni ya duka la fremu. Sikuisoma.

Masanja ni broka wa dhahabu. Tukaenda Geita kwa broka mwenzake, mnunuzi wa dhahabu wa siku nyingi.

Kwa wasiojua: kwenye dhahabu karatasi haimshawishi mtu. Ukiletewa mzigo na risiti, risiti unaiweka pembeni, unadondosha asidi. Asidi haidanganywi. Ndivyo mabroka walivyoepuka kutapeliwa maisha yao yote.

Broka akaifungua, akaikagua juu hadi chini. "Mzigo umetoka duara gani huu?"

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Watu kibandani wakacheka.

"Pima, acha maneno," Masanja akasema.

Akakwangua fremu, akadondosha. Ikachemka, ikawa kijani. "Fremu ni rangi tu, bosi."

"Fremu sikuulizi. Pima picha yenyewe."

"Picha naipimaje?"

"Kama unavyopima kila kitu."

Nilikuwa nimesimama pale pale, wakuu. Nilikuwa na mdomo. Nikasogea tu nione vizuri.

Wakatoa kioo. Tone likaanguka kwenye jicho la ng'ombe. Karatasi ikageuka njano, ikalainika, jicho likatoboka.

Broka akaigeuza haraka aone kama asidi imepita upande wa pili. "Hapa kuna maandishi. Nani anajua Kiingereza?"

Nikasoma. Iliandikwa kwamba hii ni reproduction, nakala iliyochapwa kiwandani. Broka akachukua lenzi yake, akatuonyesha: vidoti vidogo vidogo vya rangi, kama kwenye kalenda.

"Hizi ziko nyingi duniani," akasema. "Poleni na msiba."

Tukairudisha. Mama Neema akapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Mlikuwa mnampima ng'ombe," akauliza, "au mlikuwa mnanipima mimi?"

Masanja akasema picha haina thamani, basi aichukue tu.

"Kaka, mzee alishatusahau wote. Hata mimi alikuwa hanijui. Ila kila asubuhi alikuwa ananiuliza, 'Wewe mama, yule ng'ombe ameshakunywa maji?' Namjibu, 'Baba, bahari yote iko tumboni.' Basi anacheka, ndiyo anakubali uji."

Akaifunga tena picha kwenye blanketi, akatusukumia. "Kaeni nayo. Si mmeshajua bei yake?"

Picha iko kwangu. Nimeitundika kinyume, karatasi ya nyuma ndiyo inayoonekana. Naisoma kila siku, sasa.

Nilichojifunza: dada yetu alituambia anachokitaka kwa maneno manne, na sisi tukaona lazima kuna la tano amelificha.

Tangu siku ile hapokei simu yangu. Ya Masanja anapokea, maana anasema yule angalau hakusoma.

Kama kuna aliyewahi kumdhania ndugu yake hivi na akafanikiwa kumrudisha, naomba aandike hapa chini alianzia wapi. Matusi nayo leteni, nitayasoma yote.